Ada ya Uanachama na Gharama za Kumfunza Mbwa wa Kazi

Maelezo kwa wakazi wa kata kuhusu vikundi vya wafugaji wa mbwa wa ulinzi



Katika vijiji vingi vya uwanda wa juu wa Ufipa, kuanzia Laela na Mpui hadi Kaengesa na viunga vya mji wa Sumbawanga, mbwa ni mlinzi wa kwanza wa nyumba. Hubweka usiku mgeni anapokaribia zizi, huandamana na wachungaji malishoni, na mahindi yanapoanza kukomaa hukaa shambani pamoja na watoto kuwafukuza nyani na ngedere. Mara nyingi mbwa huyo hakununuliwa. Jirani alipata watoto wa mbwa sita, akagawa watano. Kwa sababu alipatikana bure, wengi hudhani kwamba kumfuga nako ni bure. Hapo ndipo hesabu inapoanza kupotoka.

Mbwa anahitaji chakula kila siku, chanjo kila mwaka, dawa za minyoo na kupe, na zaidi ya hayo anahitaji mafunzo. Mbwa asiyefundishwa hamtofautishi mwizi na mwanafunzi anayepita njiani kwenda shule. Mwenye mbwa wa namna hiyo hana mlinzi. Ana deni ambalo siku moja litadaiwa na jirani aliyeumwa. Kwa kaya moja, gharama za kumfanya mbwa awe mlinzi wa kweli ni nzito. Ndiyo maana katika nchi nyingine wafugaji waliunda vyama, wakalipa ada, na kugawana mzigo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ujerumani. Mwaka 1899 aliyekuwa ofisa wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, pamoja na wenzake walianzisha chama cha wafugaji wa mbwa aina ya German Shepherd. Mbwa hao walikuwa wa kuchungia kondoo. Chama kilitaka mbwa apimwe kwa kazi anayoiweza, wala si kwa sura yake peke yake. Kutokana na fikra hiyo ulizaliwa mchezo wa mbwa wa kazi, ambao leo una mitihani mitatu: kufuata nyayo, utii, na ulinzi. Kila mtihani una alama 100, na jumla ni 300. Kabla ya kuingia katika mitihani hiyo, mbwa hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba anatii na anaweza kupita katikati ya watu kwa utulivu.

Ada katika vyama vya namna hiyo hulipia mambo yanayotumiwa na wote: uwanja wa mazoezi, taa za jioni, vifaa vya kuruka, bima, na mkono wa kinga anaouvaa mtu anayejifanya mhalifu. Wakufunzi wengi ni wanachama wenyewe wanaojitolea. Kwa hiyo ada hubaki ya kiasi, na sehemu kubwa ya gharama hulipwa kwa muda na jasho: mwanachama anafika uwanjani, anafunza mbwa wake, kisha anamsaidia mwenzake.

Hapa Afrika Mashariki gharama za kumfunza mnyama wa kazi zimebebwa zaidi na wenye mifuko mikubwa. Mbwa wa Jeshi la Polisi hugharimiwa na serikali. Mbwa wa kunusa meno ya tembo, waliofunzwa pamoja na waongozaji wao huko Usa River mkoani Arusha, waligharimiwa na shirika la hifadhi ya wanyamapori. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mafunzo ya panya mmoja huchukua miezi tisa hivi na hugharimu karibu euro 6,000, zinazotoka kwa wafadhili. Panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Mfano huo unaonyesha kwamba gharama kubwa ya mafunzo haitokani na bei ya mnyama. Inatokana na siku nyingi za mtu mwenye subira.

Kata haina mfadhili wa aina hiyo. Ina kitu kingine: mazoea ya kuchangiana. Wakazi wanazijua VICOBA, wanajua hisa, katiba, na sanduku lenye kufuli tatu ambalo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Wanajua pia michango ya ulinzi shirikishi. Kikundi cha wafugaji wa mbwa wa ulinzi kinaweza kujengwa juu ya msingi huo huo.

Uchukuliwe mfano wa hesabu tu, usio kiwango kilichowekwa na mtu yeyote. Kikundi kina wanachama 20. Kila mmoja anatoa kiingilio cha shilingi 5,000, na ada ya mwaka ya shilingi 24,000. Kiingilio kinaleta shilingi 100,000, zinazotosha kuanzia daftari, kamba imara, mikanda ya shingoni na vifunga mdomo vichache. Ada inaleta shilingi 480,000 kwa mwaka. Fedha hizo zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu: nauli na posho ya mkufunzi anayekuja mara moja kwa mwezi, dawa za minyoo na kupe zinazonunuliwa kwa pamoja, na akiba ya dharura, hasa pale mbwa wa kikundi anapomjeruhi mtu. Chakula hakimo katika hesabu hii. Hicho ni wajibu wa kila kaya, na ugali wa dona wenye dagaa unafaa kwa mbwa wengi wa kijijini.

Ipo hatari mbili katika hesabu hii, na zote zinahitaji kuzungumzwa mapema.

Hatari ya kwanza ni wakati wa kulipa. Ada ya kila mwezi inamfaa mwenye mshahara au duka. Mkulima wa Ufipa hana fedha mwezi Januari wala Februari, wakati mvua inanyesha, mbolea imekwisha kununuliwa na ghala limepungua. Ana kitu baada ya mavuno. Kikundi kitakachodai shilingi 2,000 kila mwezi kitawafukuza wanachama wake kabla mwaka haujafika nusu, na watakaoondoka ni wale wenye mashamba ya mbali na mazizi, ambao ndio wanaohitaji mbwa kuliko wengine. Ni busara ada ilipwe mara moja baada ya mavuno, na anayependa aruhusiwe kulipa kwa mahindi kwa bei ya siku hiyo. Kikundi kikiyahifadhi vizuri na kuyauza bei inapopanda, hakitapata hasara. Mjane au kijana asiye na shamba naye anaweza kulipa kwa kazi: kusafisha uwanja, kupika chakula cha siku ya mafunzo, au kuandika mahudhurio. Kazi hiyo iandikwe daftarini kama fedha inavyoandikwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Nayo ni kuichanganya chanjo na ada. Kikundi kinaweza kusema kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa ni faida ya wanachama, na asiyelipa asiipate. Kauli hiyo inaonekana ya haki, lakini ni kosa. Mafunzo ni faida ya mwenye mbwa. Chanjo ni kinga ya kijiji kizima. Kichaa cha mbwa hakiangalii kadi ya uanachama. Mbwa wa mwanachama, aliyefundishwa vizuri, na mbwa wa kaya maskini iliyoshindwa ada hukutana kwenye jalala moja usiku.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mahali ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, ugonjwa huu hukosa njia ya kuendelea kuenea. Linaeleza pia kwamba watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Mbwa mmoja huhitaji sindano moja kwa mwaka. Mtu aliyeumwa huhitaji sindano kadhaa kwa siku tofauti, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi hospitalini, na kwa mkazi wa Mtowisa au Muze huko bondeni hiyo ni safari ya kupanda mlima mzima. Hesabu ya nani alipe nini inakuwa wazi.

Kwa hiyo inafaa kikundi kiwe na sanduku mbili. Sanduku la mafunzo ni la wanachama na linajazwa kwa ada. Sanduku la chanjo ni la kijiji au mtaa wote, linachangiwa na kila anayeweza, na mbwa yeyote anayeletwa siku ya chanjo anachanjwa, awe wa mwanachama au wa mtu asiye na shilingi. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huja baada ya mavuno, wakati fedha ipo na barabara ni kavu. Ni siku nzuri ya kupanga jambo hilo pamoja na Afisa Mifugo wa kata. Mtoto wa mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, na tarehe iandikwe.

Endapo mtu ameumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Kulifunga jeraha kwa majani au kulipaka mafuta na kubaki nyumbani ni kucheza na uhai.

Kuhusu mafunzo yenyewe, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa aanze kuzoeshwa watu, watoto, mifugo na kelele tangu miezi yake ya mwanzo. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinafaa kuliko saa nzima kwa wiki. Afundishwe kwanza kuja anapoitwa, kukaa, na kuacha anachokifanya anapoamriwa. Mbwa ambaye hajaweza kuacha asifundishwe kukamata. Wapo wanaoamini kwamba mbwa huwa mkali kwa kupigwa, kunyimwa chakula au kufungwa mchana kutwa kwa kamba fupi. Mbwa wa namna hiyo huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma ovyo. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mbwa wamo.

Watakaopenda kuanzisha kikundi wana njia iliyo wazi. Wakutane na kuchagua viongozi. Waandike katiba fupi inayotaja kiasi cha ada, wakati wa kulipa, namna ya kulipa kwa mazao au kazi, na nani atagharimia matibabu mbwa wa mwanachama anapomjeruhi mtu. Waione ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii kwa ajili ya taratibu za kusajili kikundi, na Afisa Mifugo kwa ajili ya chanjo. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama wote kila baada ya miezi mitatu, na hesabu ya sanduku la chanjo isomwe katika mkutano wa kijiji.

Ada ikiwa ndogo, ikilipwa wakati mkulima ana kitu, na ikisomwa hadharani, kikundi kitadumu. Na mlango wa chanjo ukiachwa wazi kwa wote, hata asiyekuwa mwanachama atakuwa na sababu ya kukitakia heri.