Nyanya Ndani ya Ndoo
Msikilizaji, ukitaka kulima nyanya bila udongo nyumbani, mabomba membamba ya kupitishia maji yenye mbolea waachie wenye mchicha. Wewe tafuta ndoo ya lita 20. Mnyanya uliokomaa unaweza kunywa lita 2 au zaidi siku ya jua kali, na mizizi yake huziba bomba upesi. Tena, maji yakiwa machache ukali wa mbolea hupanda ghafla. Yakiwa mengi hubadilika polepole. Utauliza: umeme ukikatika, pampu inayosukuma maji ikazima? Jaza ndoo makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi, kisha toboa tundu la kutolea maji sentimita 5 juu ya kitako. Akiba ya maji inayobaki chini ya tundu huinywesha mizizi ya chini, huku ya juu ikiendelea kupata hewa.