HOTUBA YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA USHIRIKA: KANSA YA MLANGO WA KIZAZI

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba wa Bulwa,

Tumeombwa kuyaandika haya ubaoni ili waliokuwa shambani siku ya mkutano nao wayapate. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe, wala asione haya. Sisi wenyewe tulijulia kusoma ukubwani, darasa la kisomo.

Tunaanza na kikombe. Mwaka jana mama mmoja wa hapa kijijini alitokwa na damu, na hedhi alishaiaga zamani. Majirani wakamtengea kikombe chake, watoto wakakatazwa kukaa naye. Wengine wakasema kafanyiwa jambo. Sisi tunaoandika tulinyamaza, tukaona hayo ni mambo ya kike. Miezi ikaishia kwa mganga. Alipofikishwa hospitali ugonjwa ulikwishaingia kwenye kibofu. Tumemzika.

Ndugu, kansa hii haiambukizwi kwa kikombe, wala kwa choo, wala kwa kumwosha mgonjwa. Kinachoambukizwa ni kirusi kinachoitwa HPV, nacho hupita kwa kujamiiana. Mwanamume anakibeba na kukipeleka bila kusikia chochote. Karibu kila aliyewahi kulala na mwenzake hukipata wakati fulani, kwa hiyo tusianze kuulizana nani mzinzi. Mwili wa wengi hukiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki, na mlango wa kizazi unaharibika polepole, miaka 15 hadi 20. Mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, hata miaka 5 hadi 10. Wakati wote huo hapaumi. Ikishakuwa kansa ndipo inatambaa: ukeni, kibofu, utumbo mkubwa, mpaka mapafu na ini.

Sasa jamani, miaka 15 yote hiyo tunangoja nini? Kupima si kazi kubwa. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa pale kwenye mlango, anangoja kama dakika moja. Palipoharibika panageuka peupe. Hapo panagandishwa kwa baridi kali au panachomwa kwa joto, na mama anarudi kwake siku ile ile. Mume avumilie kama majuma 4 hadi 6 pasipone vibaya. (Hapo akina baba mlicheka mkutanoni. Chekeni, lakini vumilieni.)

Ikiwa imekwisha kuwa kansa nayo bado ndogo, wanapasua. Ikiwa imesogea, ni mionzi pamoja na dawa, na hiyo haipo huku milimani. Ni Ocean Road kule Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Ni majuma mengi mbali na nyumbani, na shamba linaota majani. Nchini kwetu wanawake zaidi ya 6,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka.

Kuhusu sindano ya shuleni: ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapelekwa kwa wa miaka 9 hadi 14, sindano moja tu. Eti inafunga kizazi! Si kweli, inazuia kirusi hicho tu. Lakini msichana aliyechanjwa akikua naye apime.

Wa kupimwa kwanza ni akina mama wa miaka 30 hadi 50, na wenye virusi vya UKIMWI tangu miaka 25. Lakini anayetokwa na damu baada ya tendo, au katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu, asingoje umri wala asingoje siku ya kupima. Aende zahanati kesho.

Mkutano ulikubali kwamba mama atakayeambiwa aende Muheza, nauli itoke mfuko wa ushirika. Waliojiandikisha ni 11. Majina mawili yamekatwa na waume zao, na waume hao tutawafuata nyumbani jioni hii. Karatasi ya majina iko kwa mtunza hazina, pale penye mzani wa iliki, na kalamu ipo.

Katibu