Nani Atakuchimbia Kaburi? Kustaafu kwa Mtazamo wa Mnyuzi



Mhadhara huu umezaliwa na hasira. Mwaka mmoja kabla sijatimiza 60 niliitwa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa. Mwezeshaji, kijana nadhifu mwenye tai, alitutangazia kwamba mstaafu asiye na mradi hamalizi miaka mitatu. Nusu ya ukumbi ikaandika. Nilimuuliza hiyo mitatu kaitoa wapi. Akatabasamu, akatugawia mchoro wa banda la kuku wa mayai.

Habari za kikokotoo cha mafao nazipita mbio, wachumi wameshazichambua: mifuko ya pensheni ilivyounganishwa mwaka 2018 ikazaliwa PSSSF, malipo ya mkupuo yaliposhushwa hadi asilimia 25 na agizo hilo likasitishwa mwaka huohuo, ukaja wa 33 mwaka 2022, kisha 40 mwaka 2024 kwa waliozoea 50. Fedha si mchezo. Asiyeamini awakumbuke wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, waliozeeka wakidai mafao yao.

Lakini turudi kwa kuku. Mtu amefundisha historia miaka 35. Mdondo haujui hata kwa jina. Leo tunamkabidhi vifaranga 500 na kumwambia hapo ndipo penye raha ya uzee. Umeme ukikatika saa tisa usiku, vifaranga hurundikana pembeni kutafuta joto na kukandamizana hadi kufa, naye mwalimu wetu yuko magotini na taa ya simu mdomoni, anaokota mizoga. Huko ndiko kupumzika? Binamu yangu alitia kiinua mgongo chake chote kwenye daladala. Kila jioni dereva alimletea hesabu pungufu na hadithi kamili. Mradi wa namna hii ni ajira mpya isiyo na likizo, na mwajiri ni wewe mwenyewe uliyechoka.

Kosa kubwa la mwezeshaji, hata hivyo, halimo bandani. Anadhani mstaafu huuawa na kukosa shughuli. Mimi nimewaona wakinyong'onyea kwa kukosa watu: simu iliyokuwa ikiita toka alfajiri inanyamaza, na nyumba nzuri ya bati la rangi imejengwa kijijini ambako hakuna anayemjua mwenyewe. Wanaotuambia watoto ndio pensheni hawanisumbui sana. Watoto wenyewe wanahangaika na kodi ya chumba Dar es Salaam.

Thamani ya watu niliiona mapema. Nimekulia Mnyuzi, pale reli ya Tanga inapokutana na ile ya kutoka Ruvu iliyokamilika mwaka 1963. Jirani yetu alikuwa Mnyamwezi, manamba wa zamani. Alikata mkonge kwa kipande, yaani kadi ya kazi: siku 30 ndipo ulipwe, na siku ambayo kazi haikutimia haikuandikwa. Hakuwa na mafao wala mtoto. Alipofariki, Mzigua mmoja, mtani wake, aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akakataa kutoka mpaka alipwe. Watu walicheka huku wakilia. Kisha huyohuyo ndiye aliyempokea maiti.

Niliyaelewa hayo miaka mingi baadaye, nilipomsoma R. E. Moreau. Naomba mnivumilie, huyu ni kipenzi changu. Alikuwa mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ile unayoiona ukisimama Mnyuzi. Mwaka 1944 alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alikuwa ameshaufafanua utani miaka minne kabla, kwa nadharia safi isiyo na jasho. Moreau anafuatilia nani anamtania nani kwa subira ya mtu aliyezoea kukaa kimya kichakani akisubiri ndege atoke. Kutoka kwake, na kutoka kwa majuzuu ambayo Stephen Lucas aliyahariri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, nilijifunza kwamba mzaha ule wa msibani ni wajibu. Anayekutania ndiye atakayekuzika.

Mtanijibu kwamba utani haununui dawa ya presha. Kweli. Ndiyo maana naisifu Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, wakati huo shilingi 20,000, awe aliajiriwa au la. Bara tuige. Nimepima yote hayo, na bado nashikilia langu: anayetaka kustaafu vizuri aanze kuhudhuria misiba ya anakokwenda kuishi angali na mshahara, miaka kumi kabla, na si kwa kutuma rambirambi kwa simu.

Mimi mwenyewe nilichelewa. Msiba wangu wa kwanza tangu nirudi Mnyuzi, mzee mmoja alivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu, akasema, "Profesa, shika chepe au toa elfu kumi." Nilitoa elfu kumi. Wiki iliyofuata nikaenda Korogwe kununua buti.