Upinde Usio na Windo

Matini ya mazungumzo kwa wazee, machifu, walimu na vijana wa Kaunti ya Lamu



Tamasha la Utamaduni la Lamu likifika, watu hujaa ufukoni kutazama mashua zikishindana na punda wakikimbizwa. Wengi huona burudani tu. Lakini mashindano hayo yana kazi nyingine. Meli za injini na malori zilipolipokonya jahazi shehena yake, fundi wa Matondoni angeweza kuweka chini tezo akatafuta riziki kwingine. Nahodha anayetaka ushindi bado anahitaji chombo chepesi na tanga lililokatwa sawasawa, na chombo hicho hakichongwi na mtu asiyefundishwa. Mashindano yamesaidia kuuweka ufundi huo mikononi mwa watu.

Ng'ambo ya visiwa, upande wa bara, kuna ufundi mwingine uliopoteza kazi yake na haujapata pa kushika: upinde wa Waaweer.

Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, jina ambalo wengi wao hawalipendi, wako Basuba, Mangai, Milimani, Mararani, Kiangwe na Bargoni. Kwa vizazi vingi waliishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma matunda ya msituni. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwakusanya katika vijiji vya kando ya barabara ya Kiunga. Mwaka 1976 msitu wa Boni ukatangazwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Tangu 2015, operesheni ya usalama iliyoanza kwa jina la Linda Boni imefanya kuingia msituni kuwe jambo la ruhusa na tahadhari. Siku hizi anayeonekana njiani na podo begani huulizwa maswali kabla ya kusalimiwa.

Marufuku ya uwindaji ina sababu zake, na mazungumzo haya hayaombi iondolewe. Ndovu na twiga wa ukanda huu wamechinjwa vya kutosha. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1977, tayari anajua kuchagua mti, kuuchonga, kuukausha na kuupinda bila kuuvunja, leo anakaribia miaka 70. Baada yake hakuna aliyekuwa na sababu halali ya kujifunza.

Ufundi wenyewe si mdogo. Jamaa zao wa kazi, Waata, ambao pwani huwaita Walangulu au Wasanye, walitumia pinde ambazo kuvuta ugwe wake kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kama kilo 45. Pinde za vita za Waingereza zilizopatikana ndani ya meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, hukadiriwa kuanzia uzito huohuo, na dunia nzima huzienda kuzitazama makumbusho. Upinde wa Mwata ulikuwa mti mmoja tu, bila gundi wala kiungo, na mwenye kuuvuta hakuwa mtu wa miraba minne. Ilikuwa mazoea ya tangu utotoni.

Je, upinde usio na windo unaweza kuishi? Waturuki wanalo jibu. Katika Istanbul kuna mahali panapoitwa Okmeydanı, uwanja wa mishale, uliotengwa baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji huo mwaka 1453. Bunduki ilipochukua nafasi ya upinde vitani, watu waliendelea kukutana pale kushindania jambo moja: nani atarusha mshale mbali zaidi. Hakuna shabaha, hakuna mnyama, hakuna adui. Mshale ulipoanguka mbali kuliko yote, jiwe la kuchongwa lilisimamishwa mahali hapo. Jiwe la Sultani Selim wa Tatu, la mwaka 1798, ni la umbali wa karibu mita 889. Miaka hiyohiyo ya 1790, katibu wa ubalozi wa Uturuki mjini London alirusha mshale yadi 482, zaidi ya mita 440, mbele ya Waingereza waliojiona ndio wenyewe kwa upinde.

Pinde hizo zilikuwa za pembe. Fundi aliweka mti mwembamba katikati. Upande unaomkabili mrushaji akabandika pembe ya nyati-maji, na upande wa nje kano za mnyama zilizochambuliwa na kulowekwa katika gundi. Upinde ukivutwa, pembe hubanwa na kano hunyooka, na vyote viwili hurudi kwa kasi kuliko mti mtupu. Kazi ya upinde mmoja ilichukua miezi mingi, wakati mwingine miaka, kwa sababu kila tabaka sharti likauke kwanza.

Hapo ndipo Lamu isijidanganye. Gundi ya kano na ngozi huchukia unyevu. Upinde wa pembe ukikaa msimu mmoja wa masika katika hewa ya chumvi ya Shella au Faza, utalegea. Kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza pinde za Kituruki, wala kuchezea pembe na kano za wanyamapori, jambo ambalo sheria hailiruhusu. Upinde wa mti mmoja, wenye ugwe wa katani au wa kano za ng'ombe, ndio unaofaa hapa, na wenye kuujua wako Basuba. Sumu ya msungu haina nafasi kabisa, kwani mshale wa kurushwa mbali hata chembe ya chuma hauhitaji. Unatakiwa uwe mwepesi, mnyoofu, na manyoya mafupi.

Jambo moja la Okmeydanı litaeleweka kwa kila nahodha. Masafa yao yalipangwa kwa kufuata pepo, na rekodi ya upepo huu haikulinganishwa na ya upepo ule. Lamu ina kaskazi na kusi. Mshale uliorushwa Agosti na uliorushwa Januari si ndugu, na ubao wa washindi ungepaswa kuwa na safu mbili. Uwanja nao upo: bara kuna mbuga tambarare, na visiwani kuna fukwe ndefu maji yakipwa. Usalama si wa kufanyia mzaha. Mshale wa aina hii huua, hivyo mita mia kadhaa mbele na pande zote mbili ziwe tupu, punda na wageni wakae nyuma ya mrushaji, na polisi pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wajulishwe mapema ili podo lisigeuke kesi.

Kenya si ngeni kwa mchezo huu. Shehzana Anwar, mrushaji mishale, ndiye aliyebeba bendera ya taifa kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza upinde wa jadi wa Kituruki katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, lakini orodha hiyo ni ya kuta na milango. Haimfikii mzee wa Mangai.

Kabla ya bajeti, kabla ya kombe na fulana, kuna kazi isiyo na gharama. Anayemjua mzee anayeweza bado kuchonga upinde amtaje kwa chifu wake au kwa ofisi ya wadi. Azungumzwe naye kwa Kiaweer, na mjukuu wake awepo. Aulizwe ni mti gani, hukatwa wakati gani, hukaushwa siku ngapi. Kisha aulizwe kama yu radhi kuwafundisha wengine, na kwa malipo gani, kwa sababu fundi wa Matondoni naye hachongi bure.