Kompyuta Ndani ya Mafuta: Nani Atabeba Joto?

Hii ni hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii wa parokia mbele ya vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumzia kikundini.



Najua wengine mmetoka mbali kwa miguu, kwa hivyo sitawachosha. Niliombwa nizungumze juu ya vikundi na mitambo ya kisasa. Nimeona afadhali niwape kisa kimoja tulichokiona wenyewe, kisa cha kompyuta iliyotiwa ndani ya mafuta ya kupikia. Naona mnacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini sikilizeni mpaka mwisho.

SHIDA ILIANZA NA KELELE

Mwaka 2018 kikundi chetu kimoja cha vijana na akina mama kilikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, ya kupewa. Tuliitumia kuandika barua na hesabu za kikundi. Halafu tukaamua kurekodi sauti za wazee, wasimulie jinsi kijiji kilivyoanza, nani alichimba kisima cha kwanza, na kanisa lilijengwa vipi. Wazee wanaondoka, na kila anayeondoka anakwenda na mambo yake yote.

Tulirekodi mzee wa kwanza. Tuliposikiliza, kumbe nyuma ya sauti yake kuna mvumo, vuuuu, kama nyuki kwenye mzinga. Ilikuwa feni ya kompyuta. Chumba chetu ni kimoja, na mzee mwenyewe sauti yake ilikuwa ya chini. Ukiongeza sauti ya mzee, na feni nayo inaongezeka.

Jambo la kwanza tulifungua kompyuta. Ndani mlikuwa na vumbi kama blanketi. Tulizima umeme, tukaondoa vumbi kwa brashi laini, na fundi akabadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na bamba lake la kupoza. Kelele ilipungua karibu nusu. Nawaambia hivi mapema kwa sababu watu wengi hukimbilia dawa kubwa kabla ya kufagia. Lakini kelele iliyobaki bado ilikuwa inaharibu rekodi.

Hapo ndipo kijana wetu mmoja, fundi wa redio, akasimama katika mkutano akasema, "Tuondoe feni zote, tuzamishe kompyuta ndani ya mafuta." Mama mmoja akamjibu, "Mafuta ya chapati ndiyo unataka kuogeshea kompyuta?" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

JOTO HALIPOTEI, LINAHAMISHWA

Yule kijana alitueleza vizuri, na mimi nitawaeleza kama alivyosema.

Umeme unaoingia katika kompyuta karibu wote unaishia kuwa joto. Ikiwa mashine inakula wati 100, ni kama una kihita kidogo cha wati 100 ndani ya kisanduku. Joto hilo lisipotoka, prosesa inachemka, na mashine inajizima au inaharibika. Feni haiui joto. Inalisukuma tu kutoka ndani mpaka chumbani. Hewa ni mpagazi dhaifu. Lita 1 ya maji, ikipanda digrii 1, inabeba joto ambalo ungehitaji zaidi ya lita 3,000 za hewa kulibeba. Ndiyo sababu feni lazima ikimbie na kupiga kelele, na ndiyo sababu gari lina rejeta yenye maji.

Mnajua jambo hili tayari. Nani hapa hajaenda kusaga posho? Zile injini za zamani za dizeli, kama Lister, nyingi zina pipa la maji kando. Maji yakipata moto kwenye injini yanapanda kwa bomba la juu, yanaingia katika pipa, yanapoa, yanashuka na kurudi kwa bomba la chini. Hakuna pampu. Maji yanazunguka yenyewe kwa sababu ya moto ni mepesi na baridi ni mazito. Basi wako watu Ulaya na Marekani waliofanya hivyo hivyo kwa kompyuta za nyumbani, ili wapate kimya.

WENZETU WALIVYOJARIBU

Wengine walichukua rejeta ndogo ya hita ya gari kuukuu, pampu ya tangi la samaki na kipande cha shaba kilichotobolewa njia za maji. Shaba inakaa juu ya prosesa, maji yanapita ndani yake, yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ni kazi ya jua kali kabisa. Lakini ina mitego. Ukichanganya shaba na alumini katika maji yale yale bila dawa ya kuzuia kutu, alumini inaliwa polepole mpaka inatoboka. Pampu ikisimama, prosesa inapata moto kwa muda mfupi sana. Na tone moja la maji likidondokea ubao wenye umeme, kwaheri kompyuta.

Wengine walisimamisha bomba nene juu ya ndoo, maji ya moto yakinyunyizwa kutoka juu kama mvua. Yakishuka, sehemu ndogo inageuka mvuke na kuondoka na joto. Huo ndio ujuzi wa mtungi wa nyanya zetu. Mtungi unatoa jasho, na maji ya ndani yanakuwa baridi kuliko hewa ya nyumba. Kabati la makaa lenye maji, lile la kuhifadhia mboga, linafanya kazi hivyo hivyo. Kompyuta ya wati 200 ingekausha kama glasi moja ya maji kwa saa. Lakini mtungi hupoza vizuri penye hewa kavu, kama Lodwar. Mombasa, ambako hewa yenyewe imelowa, haupozi sana. Tena maji yaliyo wazi yanaingia vumbi na kuota ukungu wa kijani.

Halafu kuna wale wa mafuta. Maji ya bomba yanapitisha umeme, kwa hivyo huwezi kuzamisha ubao ndani yake. Mafuta safi hayapitishi. Mwaka 1985 kampuni ya Cray Research ya Marekani ilitoa kompyuta kubwa ya Cray-2, ambayo mbao zake zilizama ndani ya kimiminika maalum kinachoitwa Fluorinert. Hicho kilikuwa kitu cha serikali na maabara kubwa. Lakini mwaka 2006 waandishi wa Tom's Hardware walijaza kisanduku cha kompyuta ya kawaida mafuta ya kupikia, galoni 8 za Kimarekani, yaani karibu lita 30, na ikafanya kazi. Mwaka 2007 Puget Systems, pia ya Marekani, wakatumia tangi la samaki na mafuta meupe yanayotokana na mafuta ghafi, ya jamii ya yale yanayotiwa manukato na kuuzwa kama mafuta ya watoto. Hayo hayaozi kama ya kupikia.

Kwa hivyo kijana wetu hakuwa mwendawazimu.

SISI TULIFANYA NINI

Mkutano ulibishana kwa wiki mbili. Mafuta yaliyokuwepo ni mtungi wa lita 20 ambao akina mama walikuwa wamenunua kwa jumla wagawane. Mwishoni walikubali kwa masharti matatu: jambo liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, vijana walipe mafuta hayo kidogo kidogo, na fundi wa umeme aliyesomea kazi awepo. Sharti la tatu lilikuwa langu. Umeme wetu ni volti 240, na haujali kama una nia njema.

Tulipata sanduku la plastiki lililo angavu, la kuwekea nguo. Diski kuu ilibaki nje, maana diski za aina ile zina kitundu cha kupumulia, na mafuta yakiingia zimekwisha. Feni ziling'olewa. Ubao ulizamishwa pamoja na kisanduku cha umeme, fundi akahakikisha waya wa ardhini umeungwa na kifuniko kimefungwa watoto wasiguse. Tena tulikubaliana kwamba hakuna mtu atakayetia mkono kabla ya kuchomoa waya ukutani.

Ikawashwa. Kimya! Taa ndogo inawaka chini ya mafuta ya rangi ya dhahabu, na hakuna sauti hata kidogo. Wazee walikuja kutazama kama watu wanaotazama samaki.

Mafuta hubeba joto karibu nusu tu ya maji, lakini lita 20 ni nyingi. Kwa wati 100, hata kama hakuna joto linalotoka, yanapanda digrii 10 hivi kwa saa. Na joto linatoka kidogo kidogo kwenye kuta za sanduku. Kwa hivyo tulirekodi saa mbili asubuhi, tukazima, yakapoa, tukarekodi tena jioni.

Wiki ya tatu tuliona meza imelowa. Mafuta yalikuwa yanapanda ndani ya nyaya, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yanatokea upande wa pili. Yalifika kwenye kibodi, yakafika sakafuni. Wiki ya tano yalianza kunuka na kunata. Tukayatoa. Mama mmoja akauliza kama tunaweza kuyachuja tukaange mandazi. Tukakataa kabisa. Mbao za kompyuta zinaweza kuwa na risasi na kemikali nyingine, na mafuta yaliyokaa humo si chakula cha mtu wala cha kuku.

Baadaye tulipata njia ya bei rahisi kuliko zote. Tulitoboa ukuta wa stoo, tukaiweka kompyuta nyingine upande ule na feni zake, tukapitisha nyaya tundu. Kelele ikabaki stoo. Nawaambia bila aibu kwamba hilo lingekuwa la kwanza, kama tungekaa chini tukafikiri.

TULIPATA HASARA?

Lita 20 zilikwisha. Vijana walilipa kwa miezi minne, na mmoja alinung'unika. Lakini katika zile wiki tano tulirekodi bibi mmoja, mkongwe kuliko wote, akisimulia jinsi wanawake walivyobeba mawe ya kanisa kutoka mtoni, kila mmoja na jiwe lake kila Jumamosi. Alitaja majina. Katika rekodi unasikia anavyopumua kabla ya kutaja jina la aliyefariki, na kuku nje. Hakuna mvumo. Mwaka uliofuata, 2019, tulimzika. Siku ya arobaini familia yake ilikuja kusikiliza. Yule kijana aliyenung'unika ni mjukuu wake. Sikumsikia akinung'unika tena.

Kwa hivyo mimi siwezi kusema ilikuwa hasara, wala siwaambii mfanye vile. Nasema hivi: sisi tulijua nani analipa, na aliyelipa alikuwa amekubali.

Linganisheni na jambo jingine. Ile transfoma juu ya nguzo ya umeme nayo imejaa mafuta, kwa kazi ile ile ya kupoza na kuzuia umeme usiruke. Mwaka 2014 vyombo vya habari viliripoti kwamba wezi hapa Kenya walikuwa wakifyonza mafuta hayo, na mengine yaliuzwa kwa wakaangaji wa chipsi kando ya barabara kwa sababu hayaishi haraka kwenye karai. Mafuta ya transfoma si chakula. Yale ya mitambo ya zamani yanaweza kuwa na kemikali inayoitwa PCB, ambayo huleta saratani. Na transfoma ikikaukiwa inachemka na kuungua. Hapo muuza chipsi ameokoa shilingi zake, na gharama imehamia kwa mama anayejifungua zahanati kwa mwangaza wa tochi, na kwa mtoto anayekula chipsi zile. Hakuna aliyemwuliza yule mama kama anakubali.

Wapendwa, mzigo ni kama joto. Haupotei, unahamishwa. Mtu akija katika kikundi na wazo jipya, msimcheke mkamnyamazisha. Mwulizeni maswali matatu. Mzigo huu unabebwa na nani? Unapelekwa wapi? Na huko unakopelekwa, kuna mtu amekaa? Akiweza kujibu mbele ya mkutano, na kitabu kikaandikwa, basi mpeni nafasi ajaribu kwa kiasi mnachoweza kukosa bila kuumia.

Mungu abariki kazi za mikono yenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Kijana katika kikundi chetu akileta wazo la kushangaza, huwa tunamjibu vipi?

2. Tutaje kazi moja ya kikundi chetu ambayo faida yake ni yetu, lakini gharama yake inabebwa na mtu mwingine. Tumemwuliza?

3. Je, kuna shida tunayotaka kuitatua kwa pesa nyingi kabla ya "kufagia vumbi"?

4. Ni mzee gani kijijini kwetu hajarekodiwa? Nani atakwenda kwake, na lini?