Kivuli cha Oysterbay ni cha Nani?

Msikilizaji, ukishuka daladala pale Namanga, jijini Dar es Salaam, ukakata kuelekea baharini, haikuchukui muda kuona umeingia mji mwingine. Honi zinabaki nyuma. Jua lililokuwa linakuchoma utosini linakatika. Uko Oysterbay, chini ya miarobaini, mikungu na miembe mikongwe, na mikrismasi ambayo mwisho wa mwaka huchanua nyekundu mpaka lami yenyewe inafunikwa na maua.

Tumezoea kuuita huu mtaa wa wakubwa. Njoo saa 3 asubuhi siku ya kazi uone. Wakubwa wameshaondoka na magari yao, vioo vimepandishwa. Waliobaki barabarani ni walinzi, dada wa kazi wanaotoka Mwananyamala na Tandale, watunza bustani, madereva wanaomsubiri bosi, vijana wa bodaboda, muuza madafu na baiskeli yake, na mchuuzi wa samaki aliyetoka kununua pwani ya Msasani. Mchana kutwa, mtaa ni wao. Na wote hao wanafanyia kazi chini ya mti.

Chukua mkungu mmoja tu. Mkungu hutanda matawi yake kwa ngazi, moja juu ya jingine, na jani lake ni pana kama sahani. Chini yake mama lishe ameweka jiko la mkaa, sufuria ya maharage, ndoo ya uji yenye kifuniko na hotipoti la chapati. Benchi lake limepigiliwa kwa mbao zilizobaki kwenye ujenzi. Asubuhi analiweka upande wa magharibi wa shina. Jua likipita utosini analihamishia mashariki, na wateja wanainuka na sahani zao mkononi bila kuambiwa. Ana daftari dogo lililokunjika pembe, lenye majina ya walinzi wanaokula kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Yule aliyelinda usiku hapandi daladala mara tu zamu inapokwisha. Anakunywa uji, anajinyoosha kidogo pale chini, anangoja msongamano wa asubuhi upungue ndipo aianze safari ya Gongo la Mboto. Jioni wanaingia wa drafti, vizibo vya soda juu ya ubao, na ubishi wa mpira.

Wapo wanaosema mambo haya yanaharibu sura ya mtaa. Mimi naona ndiyo yanayoulinda. Anayekaa nje siku nzima anajua gari lipi ni la wapi, mtoto gani ametoka getini peke yake, na mzee yupi hajaonekana tangu juzi. Uzio wa umeme haujui hayo.

Tukumbuke pia eneo hili lilipangwaje. Wakati wa Mwingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi ya mtu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati ili kutenga Kariakoo na mji. Oysterbay ilikuwa Uzunguni: viwanja vikubwa, nyumba moja katikati ya bustani, upepo wa bahari. Mwafrika alifika huku kwa kazi ya nyumbani au ya bustani. Baada ya Uhuru barabara zake zikapewa majina ya Haile Selassie, Kenyatta, Kaunda, Karume, Toure. Jambo kubwa hilo, na tuliseme kwa fahari. Lakini kati ya vyote vilivyorithiwa huku, kilichomfikia kila mtu bila hati wala fedha ni kivuli cha barabarani.

Na sasa kivuli hicho kinaondoka. Nyumba za zamani zinavunjwa, ghorofa zinapanda, na kila ghorofa linataka maegesho. Ukuta unasogezwa hadi ukingoni mwa lami, nje panamwagwa zege au panapangwa vitofali, na mwembe uliokuwa pale unaangushwa kwa msumeno ndani ya asubuhi moja. Badala yake inapandwa ashoki, mti mzuri wa kuziba macho ya jirani, mwembamba, usioweza kumfunika hata mtu aliyeketi. Mwenye nyumba hataliona pengo hilo; ndani ana kiyoyozi. Atakayeliona ni mlinzi aliyesimama getini mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, joto limefika nyuzi 32, na zege lililo chini ya miguu yake linamrudishia moto usoni.

Sisemi mti haukatwi. Mizizi hupasua kuta, matawi huangukia nyaya za umeme, na shina lililooza ndani ni hatari masika yakianza. Mti wa namna hiyo ukaguliwe, na ikibidi ukatwe. Lakini mingi inayoangushwa ingetosha kupogolewa na mtu anayeijua kazi. Tawi la mwarobaini ukilikata vizuri, mti unachipua tena. Ukiukata shina kwa sababu unaangusha majani mbele ya geti, umemwondolea mama lishe duka lake, na hakuna atakayemlipa fidia.

Manispaa ya Kinondoni ina nguvu hapa. Mti ulio nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara, haumo katika hati ya mwenye kiwanja. Basi anapoomba kibali cha kujenga, achore na miti iliyo mbele ya kiwanja chake, aseme ipi itabaki, na mkaguzi aende kuitazama kabla ya msingi kuchimbwa na arudi baada ya paa kuezekwa. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo iwaite wanaofanya kazi barabarani, si wenye nyumba peke yao, mti unapotakiwa kuondolewa.

Nawe mwenye nyumba unayenisikiliza ukiwa njiani kwenda kazini: mvua za masika huanza mwezi Machi. Acha ukanda wa udongo nje ya ukuta wako, uchimbe shimo, utie mbolea ya samadi, upande mkungu au mwembe. Mche utahitaji maji kila jioni katika kiangazi chake cha kwanza, kwa hiyo toa mpira wa maji ufike nje. Na kabla hujachagua pa kuchimba, muulize mlinzi wako ni upande gani wa geti jua linampiga saa 8 mchana.