Kamshafti ya Lori la Chama: Ichaguliwe kwa Kazi, Si kwa Sifa



Lori la Chama linapoanza kushindwa na mlima uliokuwa ukipandwa kwa urahisi, maneno huwa mengi. Mmoja hulaumu dereva, mwingine hulaumu mafuta, kisha hutokea mtu mwenye kamshafti "ya nguvu", ya aina inayotengenezwa Marekani kwa wapenzi wa magari ya kasi. Bodi ikikubali, fedha ya wanachama itatumika. Ikikosea, mazao yatabaki ghalani katikati ya msimu huku lori likiwa juu ya magogo. Kwa hiyo yafaa kila Katibu aelewe kile anachotakiwa kukitilia sahihi.

Kamshafti ni chuma kirefu chenye nundu, ambacho hufungua valvu za injini na kuziachia zijifunge. Katika injini ya mapigo manne, krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Kimo cha nundu huamua valvu ifunguke kwa kiasi gani. Upana wake huamua valvu ikae wazi kwa muda gani. Na mpangilio wa nundu huamua wakati wa kufungua na wa kufunga. Katika mambo hayo matatu ndimo kamshafti moja inamotofautiana na nyingine.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Valvu ya kuingiza hewa ikichelewa mno kufungwa, pistoni hupanda huku sehemu ya hewa ikirudi ilikotoka, na mshindilio hupungua hasa injini inapozunguka polepole. Hasara hiyo huonekana alfajiri ya baridi: injini hukataa kuwaka, au huwaka kwa shida ikitoa moshi mweupe. Nundu pana huleta faida kwenye mizunguko mingi, lakini lori la mazao halifanyi kazi yake huko.

Mfano mzuri ni injini ya Cummins 6BT ya lita 5.9, yenye silinda 6 na valvu 12. Injini hiyo ilifungwa katika pikapu za Dodge kuanzia modeli ya mwaka 1989. Kampuni ya Tata Cummins, iliyoundwa nchini India mwaka 1993, ilitengeneza injini za jamii hiyo kwa malori ya Tata, ambayo ni mageni kwa wachache tu katika Afrika Mashariki. Katika pikapu zile za kwanza, nguvu ya kuvuta ilifika kilele kati ya mizunguko 1,600 na 1,750 kwa dakika, na nguvu za farasi zilifika kilele karibu na mizunguko 2,500. Kamshafti inayoanza kusaidia baada ya mizunguko 3,000 ni mzigo tu kwa injini kama hiyo.

Lipo jambo la pili. Kuna nafasi fupi ambapo valvu ya kutoa moshi haijafungwa bado na ile ya kuingiza hewa imekwisha kuanza kufunguka. Nafasi hiyo ikirefushwa katika injini yenye tabo, moshi wenye shinikizo kubwa unaweza kurudi kwenye njia ya hewa safi. Zaidi ya hayo, pistoni ya dizeli hupanda hadi karibu sana na silinda hedi, na valvu iliyochelewa kufungwa yaweza kugongwa. Gharama ya ajali hiyo hupita bei ya kamshafti mara nyingi.

Haina maana kwamba kamshafti iliyobadilishwa haifai popote. Injini ambayo pampu, nozeli na tabo zake zimekwisha kuongezwa uwezo inaweza kunufaika na kamshafti ya wastani, inayotoa moshi vizuri zaidi bila kuharibu mshindilio. Lakini nguvu ya dizeli hutokana na mafuta yanayoungua pamoja na hewa ya kutosha. Injini iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani haitageuka nyingine kwa kubadilishiwa kamshafti peke yake.

Kabla ya kununua, Bodi imtake fundi apime mshindilio wa kila silinda, akague chujio la hewa na la mafuta, pampu, nozeli na mabomba ya tabo, na apime nundu za kamshafti iliyopo. Mara nyingi udhaifu hupatikana hapo, na matengenezo yake huwa nafuu. Nundu zikiwa zimelika, kamshafti ya kipimo cha kiwanda ndiyo iwe chaguo la kwanza.

Muuzaji atakiwe kutoa karatasi ya vipimo. Katibu aangalie kama muda wa valvu kuwa wazi umepimwa tangu mwanzo kabisa wa kufunguka, au tangu tapeti ilipoinuka milimita 1.27, yaani inchi 0.050. Vipimo hivyo viwili havilinganishwi. Vilevile aulize kama kimo kilichoandikwa ni cha nundu au cha valvu, kwa sababu roka huongeza mwendo.

Wakati wa kufunga, kamshafti mpya ipewe tapeti mpya. Tapeti za 6BT zina kitako kipana kama uyoga. Hazitoki kwa juu, bali huinuliwa na kushikiliwa wakati kamshafti inapochomolewa. Alama za gia zilingane, na nafasi za valvu zirekebishwe injini ikiwa baridi: milimita 0.25 kwa hewa na 0.51 kwa moshi, kwa kamshafti ya kiwanda. Kamshafti nyingine hufuata karatasi yake.

Mwisho, gharama yote iingizwe katika makisio: kifaa, tapeti, gasketi, oili, ujira wa fundi, na siku ambazo lori litasimama. Kazi ifanyike kabla ya msimu, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na sababu zake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanachama aliyebeba gunia lake hadi ghalani hana haja ya lori lenye mngurumo wa kutisha. Anahitaji lori litakalowaka alfajiri, likapanda mlima na shehena yake, na kurudi salama.